Wagonjwa wa Nyuma ya Jiko

Ninapumua! Naanza na hilo kwa sababu ndilo ninaloamka nalo kila siku, na bado sijalizoea. Navuta hewa mpaka ifike chini kabisa, upande wa kushoto, kule ambako kwa miezi mitano hakikufika kitu isipokuwa maumivu, halafu naiachia taratibu. Mume wangu huniuliza kama ninahema hivyo kwa makusudi. Ndiyo, kwa makusudi! Misimu mitatu ya kahawa imepita tangu nitoke hospitali, na pumzi zangu bado zinanifurahisha.

Nakuandikia wewe uliyelala sasa hivi na mrija wa mpira ubavuni. Nakuandikia pia wewe mwenye mtu wodini, na zaidi wewe uliyekaa mahali ambapo hakuna anayekuona, ukisubiri kuitwa. Habari za madawa sitazieleza kwa kuwa sizijui. Nitasema niliyoyaona nikiwa nimelala chali, na mtu aliyelala chali huona mengi.

Jina langu ni Subilaga, ingawa huku wananiita Mama Anyosisye, kwa jina la mwanangu. Sisi ni Wandali. Babu zake mume wangu walivuka mabonde kutoka Ileje wakaja kulima huku Mbozi, mahindi na ulezi, na siku hizi kahawa. Mwaka ule mume wangu alikuwa mgodini Saza, huko chini kwenye joto, akichimba dhahabu ya Wazungu. Mimi nilibaki kwa wakwe zangu na mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Tena ujue mapema kwamba mimi ni mtu wa maneno. Mama yangu husema nilizaliwa mazungumzo yakiwa yameshaanza, nikayadakia.

Mtu wa maneno akiolewa kwetu anapata taabu moja kubwa, nayo ni baba mkwe. Mke wa mtoto haonani na baba mkwe wake. Akimwona njiani anaingia majanini, anageuza mgongo na kujifunika nguo. Jina lake halitamki, na hata sauti yake hamsikilizishi. Mzee naye hivyo hivyo: anakohoa kwa mbali kabla hajafika nyumbani ili upate kukimbia, na jina lako haliweki mdomoni. Hakuna chuki hapo, ni heshima. Lakini heshima hiyo ikivunjwa watu wanaogopa kwamba watoto watadhoofika, na ukoo unaweza kukurudisha kwenu. Ukirudishwa, mtoto anabaki kwa baba yake. Mimi nilikuwa na Anyosisye, kwa hiyo nilikuwa mwepesi wa kuingia majanini kuliko wake wote wa kijiji kile.

Hata sasa jina la baba mkwe wangu sitaliandika. Usinilaumu.

Kichomi kilinishika mwezi wa sita, wakati wa kuvuna mahindi, baridi ile inayouma masikio. Nilidhani ni mzigo tu nimeukosea. Usiku homa ikapanda. Mama mkwe akanikanda kwa majani ya moto, akanipikia uji mwembamba, na baada ya siku kadhaa homa ikashuka tukafurahi sana, ikarudi, tukanyamaza. Kufika juma la tatu nilikuwa siwezi kulalia upande wa kulia, maana nikiulalia nakosa hewa. Bega la kushoto liliinama. Mbavu zilijaa zikawa nzito. Maziwa yalikauka, na Anyosisye akinyonya ananitazama usoni kama ninamfanyia ubahili, nami nilikuwa nalia kwa hilo kuliko kwa maumivu.

Kisha maneno yakaisha. Siku moja nilinyamaza tangu asubuhi mpaka jua la utosini. Mama mkwe akaweka chini ungo wake, akatoka mlangoni akawaambia watu, "Huyu anakufa. Hajasema kitu leo."

Kesho yake alfajiri vijana wanne wa nyumbani walifunga blanketi kwenye mianzi, wakanibeba machela kwenda hospitali ya misheni. Mama mkwe alifuata na mtoto mgongoni. Baba mkwe alikuwa ametangulia peke yake kukiwa bado na nyota, kwenda kunishikia nafasi. Hospitali ilikuwa na benchi refu kwenye baraza la mbele, na desturi yake ilikuwa rahisi: unakaa mwisho, wa mbele akiitwa mnasogea wote, mpaka nawe ufike mlangoni kwa dresa, msaidizi wa daktari, mwenye kitabu. Akitangulia mtu wa kwenu kukaa, basi mgonjwa akifika anakaa pale pale anaingia. Mzee aliwaza vizuri. Kosa lilikuwa moja tu, kwamba pale alipokaa yeye, mimi siwezi kufika.

Hakuna hata mmoja wetu aliyeliwaza hilo. Vijana walipofika kwenye kona ya jengo wakamwona mzee amekaa benchini, wakageuza machela mara moja bila kuambiwa, wakanizungusha nyuma, wakaniweka chini ya upenu wa jiko ambalo ndugu za wagonjwa hupikia. Wakaenda kutafuta maji. Mama mkwe alimfuata mzee akamwambia, "Tumefika." Mzee akajibu, "Vizuri. Nafasi ninayo, siwezi kuinuka nitaipoteza."

Yaliyotokea benchini nilisimuliwa baadaye na dresa mwenyewe, nikacheka mpaka nikashika ubavu. Mzee alifika mlangoni mapema kabisa.

"Mgonjwa ni wewe, Mzee?"

"Siyo mimi."

"Yuko wapi?"

"Yupo."

"Jina lake?"

Mzee kimya. Angelitajaje jina langu, na mbele ya watu wote wale?

"Mzee, mtu asiye na jina na haonekani siwezi kumwandika. Pisha wenzako."

Mzee aliinuka, akaenda mwisho wa benchi, akakaa. Akasogea, akasogea, akafika tena mlangoni. "Yuko wapi?" "Yupo." Akarudi mwisho. Alifanya hivyo mara tatu, hakula wala hakunywa, akiamini ananipigania. Mimi nyuma ya jiko nilikuwa nakata roho, na kati yetu palikuwa na ukuta mmoja tu.

Kilichoniokoa ni birika. Alasiri nesi mmoja alikuja jikoni kuchukua maji ya moto. Aliitwa Nesi Yusta, mwanamke mfupi, mwenye mwendo wa haraka, aliyekwenda kusomea kazi yake mbali akarudi na tabia ya kuuliza maswali mengi kuliko padri. Alinipita, akasimama, akarudi.

"Huyu nani?"

"Mkwe wetu," mama mkwe alisema.

"Amekaa hapa tangu lini?"

"Tangu umande."

"Umande! Na kwa nini hamkumleta mbele?"

"Mbele kuna baba," mama mkwe akajibu, na kwake hilo lilikuwa jibu kamili.

Nesi Yusta alishika mkono wangu akatazama kucha. Sijui aliona nini, ila birika lilianguka. Nakumbuka maji ya moto yakitambaa kwenye vumbi karibu na mguu wangu, na mtu huyu mfupi akininyanyua yeye mwenyewe huku anawaita watu kwa sauti ya kuwinga ndege wa mtama.

Daktari, Mzungu mrefu asiyependa maneno, alinidunga ganzi, akakata kati ya mbavu mbili. Usiniombe nieleze kilichotoka. Nitasema tu kwamba kilijaza beseni, kilinuka, na kilipoanza kutoka nilisikia kitu nilichokuwa nimekisahau: hewa ikiingia! Nilitaka kumwimbia yule daktari. Wakaniacha na mpira mwekundu ubavuni, unashuka mpaka kwenye chupa ya maji chini ya kitanda, na kila nikitoa pumzi maji yanabwabwaja. Bwab, bwab, bwab. Kama una chupa hiyo chini yako leo na kelele yake inakukera, usikereke. Hiyo ni sauti yako ya kupona.

Miezi hiyo niliihesabu kwa vitu vya mwilini. Kwanza zilikuwa siku za sindano, usiku na mchana, mpaka makalio yakawa magumu nikawa nakaa kwa upande. Kisha zikaja siku za kupima chupa, ambapo kila asubuhi Nesi Yusta aliinama kuona usaha umepungua kiasi gani, nami nikimkazia macho nisome uso wake. Huku nje watu walikuwa wanachuma kahawa, nasikia harufu ya maganda yake upepo ukigeuka. Nilikonda mpaka bangili ikapanda kwapani. Nywele zilinyonyoka, na mama mkwe akanyoa zilizobaki akazifukia. Mume wangu alipata ruhusa ya siku mbili kutoka Saza. Aliingia wodini, akanipita, akaenda kumsalimia mwanamke wa kitanda cha tatu. Nilimwita kwa kunong'ona, maana sauti sikuwa nayo tena. Alipogeuka akaniona ni mimi, alikaa sakafuni, mwanamume mzima. Anyosisye ndiye aliyeniumiza zaidi: waliponiletea alijificha nyuma ya bibi yake akaniita "yule."

Mzee alikuja kila Jumapili na mkungu wa ndizi. Mwisho wa benchi uko kwenye kona, karibu kabisa na dirisha langu, na alipokaa pale alikohoa kile kikohozi chake cha heshima, nami najifunika shuka mpaka kichwani. Nilidhani anakuja kwa wajibu tu, watu wasije wakasema.

Sasa nikueleze kuhusu daftari, hapa ndipo moyo wangu unapoanza kwenda mbio. Nesi Yusta alikuwa na daftari la shule, na kila mgonjwa aliyeingizwa kitandani akiwa mahututi alimwendea akipata nafuu, akamwuliza maswali yale yale. Uliingia saa ngapi? Ulikaa wapi? Nani alikuona kwanza? Alinifikia nami.

"Unatafuta nini, Nesi?" nilinong'ona.

"Nataka kujua wagonjwa wetu mahututi wanatoka wapi."

"Wanatoka vijijini."

"Vijijini wanatoka wote. Nauliza hapa hapa hospitalini. Kabla ya kitanda, walikuwa wamekaa wapi?"

Nilikaa na swali hilo siku nzima. Nilikuwa sijawahi kufikiria kwamba mahali pa kukaa panaweza kuwa swali. Jioni nilimwita nikamwambia habari ya mzee na benchi, yote, na ya jirani yangu wa kitanda ambaye alikaa nyuma ya jiko kwa sababu kaka mkubwa wa mume wake alikuwa mbele, na ya mama mwingine aliyeona aibu kukaa na wanaume akivuja damu. Kalamu yake haikusimama. Alipomaliza akapiga paja lake. "Mimi nasoma benchi!" akasema. "Miezi yote hii nasoma benchi, na wagonjwa wenyewe hawako kwenye benchi!"

Alimwendea daktari. Daktari alimwambia hadithi nzuri hazimsaidii, amletee hesabu. Basi Nesi Yusta akaniletea makopo matatu ya maziwa matupu. Kitanda changu kilikuwa dirishani, naona jiko na migomba iliyo nyuma yake. Kila aliyekaa nyuma nilimtilia harage moja kwenye kopo langu. Yeye kila aliyekaa benchini alimtilia punje ya hindi kwenye kopo lake. Jioni, waliolazwa siku ile, punje na maharage yao yanahamishiwa kopo la tatu. Ndiyo kazi yote, hata mtoto angeiweza. Lakini mimi niliyekuwa sina kazi ila kubwabwaja, niliipenda kazi ile! Nilikuwa naamka na kuketi kabla ya sindano. Mama mkwe akaona nimepewa uchawi wa Kizungu, mpaka nilipomwonyesha, naye akawa ananiletea habari za waliojificha nisikoona.

Kufika mwisho wa mavuno ya kahawa kopo la mahindi lilikuwa linamwagika, na la maharage halijafika nusu. Lakini kopo la waliolazwa, ndugu yangu, lilikuwa jekundu kwa maharage! Mahindi humo ya kutafuta kwa kidole. Nesi Yusta alilitikisa sikioni mwangu tukacheka kama wasichana, kisha akaacha kucheka, kwa sababu tulijua kila harage lile ni nani.

Daktari akatazama, akakubali. Halafu akatoa amri iliyotuvunja nguvu: kila mgonjwa akae kwenye benchi, asikae nyuma ya jiko. Dresa akatangaza kwa Kiswahili na kwa Kinyiha, lugha ya wenyeji wa huku. Siku mbili tu nyuma ya jiko pakawa peupe. Sikuwa na harage hata moja la kutia. Daktari akapita wodini akasema, "Wameisha," na akaonekana kuridhika kweli, masikini.

Hawakuisha. Walihamia migombani. Mke anayemkimbia baba mkwe hawezi kukaa naye benchi moja kwa sababu dresa amepiga kelele, kwa hiyo alisogea mbali zaidi, ambako hata mwenda jikoni hamwoni. Niliona ncha za nguo katikati ya majani, nikamwambia Nesi. Akamwambia daktari. Daktari akasema tungoje mwezi mmoja, watu watazoea. Nilikasirika mpaka chupa yangu ikachemka.

Mvua za kwanza zikaja. Chupa ya chini ya kitanda iliondolewa, ukabaki kipande kifupi cha mpira na bendeji. Nikapewa chupa mbili za mezani zilizounganishwa kwa mirija, nipulize maji yatoke hii yaende ile, ili pafu linyooke. Wiki ya kwanza sikuyasogeza hata kidogo. Nilitukana ile chupa kwa Kindali. Baadaye ikafika robo, ikafika nusu. Sauti yangu bado ilikuwa ya kunong'ona, na Nesi alisema itarudi pumzi ikirudi.

Jumapili moja, mchana wa jua baada ya mvua, waliletwa watu na mwenzao aliyeangukiwa na mti mguuni. Daktari, dresa, Nesi Yusta, wote wakaingia naye ndani wakafunga mlango. Mama mkwe alikuwa mtoni anafua. Mimi nilikuwa napuliza chupa yangu huku natazama migomba, na humo nilikuwa nimemwona tangu asubuhi msichana mmoja mjamzito, amekaa amejikunja. Nikatazama tena. Alikuwa amelala kifudifudi, na mguu wake ulikuwa na damu mpaka kisiginoni.

"Nesi!" niliita. Ilitoka kama mtu anayepuliza moto. "Nesi!" Hata jirani yangu wa kitanda hakugeuka. Nilishuka, nikaangukia dirishani nikashika nondo.

Na pale konani nikasikia kikohozi. Kile kikohozi. Mzee alikuwa amefika na ndizi zake.

Nitakuambia ukweli wote. Sikuwa shujaa hata kidogo. Nilimtazama yule msichana, nikamfikiria Anyosisye, ambaye juma lile ndiyo kwanza alikuwa amekubali kukaa kitandani kwangu na kuniita mama. Niliona nikirudishwa kwetu Ileje mikono mitupu. Nilifikiri hivyo kwa muda, siyo muda mfupi. Kisha nikavuta hewa, ikaenda, ikaenda, ikafika mahali ambapo haijafika tangu mwezi wa sita, nikaona nyota.

"BABA! Migombani! Baba, mtu anakufa migombani!"

  Nikasikia mkungu wa ndizi umetupwa chini, na mzee akatokea anakimbia. Ili afike migombani lazima apite mbele ya dirisha langu, na mzee huyo, katika mbio zile, alivuta koti lake akajifunika uso upande wangu, akapita kipofu, akagonga pipa la maji, akayumba, akaendelea. Alimwinua yule msichana akambeba mikononi akimzungusha njia ya mbele, akaupiga mlango teke.

Msichana aliishi. Mtoto wa tumboni hakuokoka. Daktari alipotoka, mikono bado ina damu, aliuliza nani amemleta binti huyu hospitali. Kwenye benchi, nafasi ya pili kutoka mlangoni, babu mmoja akainua mkono polepole. Alikuwa amemshikia nafasi mke wa mwanawe tangu alfajiri.

Daktari alikaa pale pale benchini karibu na babu.  Kisha akamwambia Nesi Yusta alete lile daftari lake, alete na makopo. Tangu Jumatatu ile benchi halianzi mpaka nesi amezunguka kwanza jiko, migomba, mianzi na nyuma ya choo, akitazama kucha na macho ya watu mmoja mmoja. Na dresa alikatazwa kumwuliza mwenye kushika nafasi jina. Anauliza amekaa upande gani, nesi anamfuata huko huko alipo. Nimekwenda juzi kumwona shangazi yangu aliyelazwa pale na nimeona bado wanafanya. Nilitamani kuwaambia watu wote pale barazani kwamba maharage yale niliyatia mimi!

Lakini siku ile sikuwa na furaha yoyote. Mama mkwe alirudi kutoka mtoni, wameshamsimulia.

"Umemwita," alisema.

"Nimemwita, Mama."

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti yote."

"Haiwezekani. Wewe huna sauti." Alinitazama, akakunja nguo mbichi, akamfunga Anyosisye mgongoni, akaondoka naye kwenda nyumbani. Hakusema lini atarudi. Juma zima hakuja mtu. Chupa zangu za mezani sikuzigusa, na Nesi Yusta aliponigombeza nilimgeuzia ukuta. Nilikuwa napona, na mwanangu alikuwa amechukuliwa, hivyo ndivyo nilivyoamini, na sitaki kukudanganya kwamba nilijua kulikuwa na wema mbele.

Jumapili nikasikia kikohozi. Nikajifunika shuka. Nikasikia mzee anamwita Nesi Yusta aje konani, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayetaka ukuta usikie:

"Nesi, humo ndani kuna mtu mwenye mpira ubavuni."

"Yupo, Mzee."

"Mwambie hivi. Siku ile ya kwanza nilikaa benchi hili tangu umande nikidhani namsaidia, kumbe nilikuwa nimemkalia pumzi. Kila Jumapili nakuja hapa namwuliza dresa, anapumua? Ananijibu anapumua. Lakini dresa ni kijana mwema, na kijana mwema anaweza kumfariji mzee. Nilikuwa narudi nyumbani sijui. Sasa Jumapili ile nimesikia mwenyewe."

 Mimi nilikuwa nimeuma shuka.

"Wazee wananiuliza nitamrudisha kwao lini. Nimewajibu aliyeitwa ni mimi, na mimi nimeitika. Hayo yamekwisha. Ila nina shida moja. Huyu mama hapa tumegombana juma zima. Ananiambia nazeeka, nasikia mambo, mtu mwenye mbavu zile hawezi kupiga kelele ile. Mwambie aite tena. Huyu naye asikie."

"Ndaga," nikasikia mama mkwe akisema pale nje, neno letu la shukrani na la pole kwa pamoja, na sauti yake ilikuwa imevunjika. Na juu ya hiyo nikasikia Anyosisye anauliza mama yuko wapi.

Nilitupa shuka. Nesi Yusta aliingia mbio akaja kuushika mpira wangu usichomoke, anacheka na machozi yanamtoka. Nikaketi wima. Nikavuta hewa kwa pua mpaka mbavu za kushoto zikaachana, nikaishika kidogo, maana ilikuwa yangu.

"BABA!"

Na upande wa pili wa ukuta, mbele ya benchi zima, mzee akaitika, "Naam!"